Afrika ya Chokaa

Mwaka 1978, miaka minne tangu nitoke chuo cha ualimu, nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya kiangazi kimoja. Jumamosi moja nilipanda treni hadi Ipswich, mji wa bandari katika Suffolk, kuitazama nyumba waiitayo Ancient House, yaani Nyumba ya Kale. Chini mlikuwa na duka la vitabu, nami, kama ilivyo desturi ya walimu wenye senti chache, nilikwenda kupekua bila kununua. Lakini sikuingia upesi. Ukuta ulinizuia.

Nyumba ni ya mbao, na sehemu zake za kale kabisa ni za karne ya 15. Ukoo wa Sparrowe, uliokaa humo kwa vizazi, ndio ulioupamba uso wake baada ya Charles wa Pili kurejea kwenye kiti cha ufalme mwaka 1660. Nembo ya mfalme huyo imo, tena kubwa, ili mpita njia asikose kujua mwenye nyumba anamtii nani. Mapambo yote ni ya chokaa, ufundi ambao mtu wa Lamu asingeustaajabia sana. Chini ya madirisha ya ghorofani wamewekwa watu wanaosimamia mabara: Ulaya, Asia, Afrika na Amerika. Australia haimo, Kapteni Cook alifika huko mwaka 1770.

Mbele ya Afrika hiyo nilishikwa na hasira. Nani aliwaambia kuwa ndivyo tulivyo?

Hasira ilinipungua ndani ya treni. Nilikumbuka kwamba kwa miaka minne nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za Uingereza bila kuwahi kuiona. Theluji niliichora ubaoni kwa chaki. Mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza theluji inanukaje. Nilimjibu kwa uhakika kwamba hainuki, nikafuta ubao.

Baadaye halmashauri ya mji iliinunua nyumba ile na kuikarabati. Sheria inailinda katika daraja la kwanza, wala mtu haruhusiwi kuubadili uso wake apendavyo. Vitabu viliondoka, yakaja masufuria na vyombo vya jikoni. Afrika ya chokaa ingali palepale.

Niliporudi nyumbani nilimwita yule mtoto, nikamwambia kwamba siku ile sikuwa na hakika.

"Na sasa, Mwalimu?"

Ilinibidi nimwambie kuwa nilikwenda wakati wa kiangazi.