Kabali na Mkono Unaogonga

Mkazi wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa ngeta ni nini. Anaijua, kama si kwa kuonja basi kwa kusimuliwa: mtu anatokea nyuma yako kichochoroni, mkono unazunguka shingo, magoti yanalegea, na ukizinduka simu na pochi havipo. Dar es Salaam wanaiita kabali, au roba, na kitenzi chenyewe, kukabwa, siku hizi hutumika kwa mtu aliyeporwa hata kama shingo yake haikuguswa. Lugha yetu imeipokea mbinu hii kutoka upande wa giza. Labda ndiyo maana wengi hushtuka wakiona kwenye televisheni vijana wawili wakikabana mbele ya refa, kisha wakainuka na kukumbatiana.

Kinachotenganisha kichochoro na ulingo ni kiganja. Anayekabwa, mambo yakimfika shingoni, humpiga mwenzake makofi mawili matatu mepesi begani au kwenye mkeka, na mkono unaachia. Wenyewe huita kugonga. Ukiifuata historia ya kabali utakutana na kiganja hicho kila mahali: nani aligonga, nani alikataa, nani aligonga asisikilizwe.

Kisa cha zamani kuliko vyote ninavyovijua kinatoka Olimpia, Ugiriki, mwaka 564 KK. Mchezo uliitwa pankration, mseto wa ngumi na mieleka ambao ulikataza kung'ata na kuchokoa macho, na mengine karibu yote yakaruhusiwa. Arrhichion wa Phigalia alikuwa bingwa aliyekuja kutetea taji lake. Katika pambano la mwisho mpinzani alimzungushia miguu mwilini na kumkaba koo. Pausanias, msafiri aliyeandika karne ya 2 BK, anasimulia kwamba Arrhichion, akiwa anaishiwa, alikamata kidole cha mguu cha yule mtu akakivunja. Mwandishi mwingine, Philostratus, anasema kilikuwa kifundo cha mguu. Vyovyote iwavyo, mkabaji alishindwa kuvumilia akatoa ishara ya kusalimu amri, na papo hapo Arrhichion akakata roho. Waamuzi waliivika maiti taji. Wagiriki walilisifu tukio hilo kwa karne nyingi. Mimi kila nikilisoma namfikiria yule wa pili, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliyegonga kama mtu mwenye akili timamu na akashindwa na marehemu.

Ilichukua zaidi ya miaka 2,400 kumpata mtu wa kuligeuza jambo hili kuwa somo lenye mpangilio. Jigoro Kano alikuwa na miaka 21 alipofungua shule yake, Kodokan, mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12. Alikuwa amejifunza mitindo ya zamani ya jujutsu, mbinu za mashujaa wa Japani ambazo lengo lake halikuwa kumwacha adui aende nyumbani salama. Kano alichuja. Mengi ya hatari aliyaondoa kwenye mazoezi ya ushindani, lakini kabali akazibakiza, kwa sababu zina sifa ambayo ngumi haina: mtu anaweza kukabwa kwa nguvu zote, akagonga, akapumzika dakika moja na kurudi uwanjani. Kijapani, anayegonga husema pia "maitta", yaani nimeshindwa, na hakuna anayemcheka.

Kabali nyingi za judo hutumia kola ya koti, inayokazwa shingoni kama kamba. Moja haihitaji nguo. Mkabaji huwa mgongoni kwa mwenzake, mkono mmoja unapita chini ya kidevu mpaka kiwiko kikae mbele ya koo, kiganja cha mkono huo kinashika msuli wa mkono wa pili, na mkono wa pili unasukuma kisogo. Wajapani waliipa jina hadaka-jime, kabali iliyo uchi. Wabrazili baadaye wakaiita mata leão, ua-simba. Mkazi wa Nairobi angeitambua bila kuambiwa.

Watu wengi hudhani aliyekabwa huzimia kwa kukosa hewa. Ukiziba bomba la hewa peke yake mtu atateseka, atakukuruka, na ataendelea kupigana kwa muda, kwa sababu damu yake bado ina oksijeni. Kabali iliyokaa vizuri huliacha koo kwenye mkunjo wa kiwiko, ambako kuna nafasi, na kuibana mishipa miwili mikubwa inayopandisha damu kichwani, mmoja kila upande wa shingo. Mwaka 1943 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa: waliwafunga zaidi ya watu 100 waliojitolea mkanda wa kujazwa upepo shingoni na kusimamisha damu ghafla. Kwa wastani walipoteza fahamu katika sekunde 7 hivi. Ndiyo maana kocha mzuri hurudia kwamba shingo hailindwi kwa shingo. Kukaza misuli na kubana kidevu kunakununulia muda mfupi tu. Kinga ya kweli ni mikono: udake kiganja kinachokaba kabla hakijashika msuli wa mkono wa pili, ukivute chini kwa mikono yako yote miwili, huku ukitelezesha mabega kuelekea sakafuni upande ule ambao kiwiko cha mkabaji hakipo. Ukichelewa, kinga inayobaki ni kugonga.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa wanafunzi. Kuanzia mwaka 1914, Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto kiliandaa mashindano ya judo kwa shule za juu na vyuo, yaliyokuja kujulikana kama Kosen. Timu ilikuwa na watu 15. Mshindi wa pambano alibaki kumkabili mpinzani anayefuata, na waliotoka sare waliondoka wote wawili. Hapo mahesabu yakabadilika. Mwanafunzi aliyekaa shuleni miaka mitatu hangeweza kumfikia mtu aliyefanya mazoezi ya kuangusha tangu utotoni, lakini angeweza kujifunza kulala chali, kumfunga jitu kwa miguu na kumsumbua mpaka muda uishe. Kwa timu yenye wanyonge, sare na bingwa wa wapinzani ilikuwa sawa na ushindi.

Ila mtu anayelala chali siku nzima mwishowe huanza kufikiria miguu yake inaweza kufanya nini zaidi. Katika shule ya Okayama, chini ya mwalimu Yaichibei Kanemitsu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndiko inakosimuliwa kwamba kabali ya pembetatu ilipikwa: mguu mmoja unapita nyuma ya shingo ya mpinzani, goti la pili linaufunga kama komeo, na mkono mmoja wa anayekabwa unabaki ndani. Paja linabana mshipa wa upande mmoja. Wa upande wa pili unabanwa na bega la anayekabwa mwenyewe. Kinga ya mtu dhaifu ilizaa silaha ya mtu dhaifu. Kodokan haikupenda wanafunzi kujilaza chini namna ile, na mwaka 1925 ikabana kanuni zake ili watu waanze kwa kuangushana. Kosen waliendelea kivyao mpaka vita vikayakatisha mashindano yao.

Brazil inaingia kupitia Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan aliyezunguka dunia akipigana kwa malipo, akafika huko mwaka 1914 na hatimaye kuweka makazi Belém. Alimfundisha kijana Carlos Gracie, na familia ya Gracie ikaufanya mchezo kuwa wake. Mdogo wake Carlos, Helio, alikuwa mwembamba, na mtu mwembamba huipenda kabali. Septemba 1951 alimkaba Mjapani Yukio Kato mjini São Paulo mpaka akazimia. Mwezi uliofuata akaja Masahiko Kimura, mwanajudo aliyeogopwa kuliko wote, na wakakutana kwenye uwanja wa Maracanã. Helio alisema miaka mingi baadaye kwamba katikati ya pambano lile alikabwa akapoteza fahamu, na Kimura, asijue, akabadilisha mkao na kumwamsha bila kukusudia. Kisha Kimura akaukamata mkono wake na kuupindua. Ukavunjika. Helio hakugonga. Carlos ndiye aliyerusha taulo. Hadi leo wapo wanaomsifu Helio kwa hilo, na wengine, nami nikiwemo, tunaona kuwa taulo ndilo lililokuwa na busara usiku ule.

Novemba 12, 1993, mjini Denver, Marekani, mtoto wa Helio aitwaye Royce, mwenye kilo 80 hivi, aliingia kwenye mashindano ya kwanza ya UFC. Waandaaji walitaka kujua mchezo upi ni bora, na watazamaji wengi walitarajia ngumi na mateke. Katika pambano lake la pili Royce alimkaba Ken Shamrock, mtu wa misuli, chini ya dakika moja. Shamrock aligonga, Royce akaachia, na hapo kikatokea kituko: refa hakuona, akataka waendelee. Royce alimkumbusha mpinzani wake kwamba aligonga. Shamrock angeweza kukana mbele ya dunia nzima. Alikubali. Fainali ilikuwa na sura nyingine. Mholanzi Gerard Gordeau alimng'ata Royce sikio, na alipokabwa kutoka nyuma akagonga, na kugonga tena, mkono haukuwa na haraka ya kuachia. Mwaka uliofuata Royce alilala chini ya Dan Severn, mwanamieleka wa kilo karibu 118, kwa zaidi ya dakika 15, kisha akamfungia pembetatu. Vijana wa Okayama wangelitambua pambano lile hatua kwa hatua.

Mwaka huo huo wa 1993 polisi wa jiji la New York walipiga marufuku kabali kwa askari wao. Los Angeles walikuwa wameshaonja. Mwaka 1976 Adolph Lyons, raia mweusi, alisimamishwa kwa sababu taa moja ya nyuma ya gari lake haikuwaka, akakabwa mpaka akazimia. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1983 ilikataa, kwa kura 5 dhidi ya 4, kumpa amri ya kuzuia kabali za polisi, ingawa watu 16 walikuwa wamekufa kwa kukabwa na polisi wa jiji hilo tangu 1975. Na marufuku ya New York haikumwokoa Eric Garner mwaka 2014, aliyesema mara 11 kwamba hawezi kupumua. Mbinu ilitoka kwenye mikeka ya judo ikaingia barabarani, lakini makubaliano ya kugonga hayakusafiri nayo.

Ulingoni, katika miaka ile ile ya 1990, mambo yalikuwa yamehamia pia Ghuba. Sheikh Tahnoon bin Zayed wa Abu Dhabi, aliyeufuatilia mchezo huu tangu alipokuwa Marekani, alianzisha mwaka 1998 mashindano ya ADCC ya kupambana bila koti. Bila kola, kabali nyingi za zamani zilikosa pa kushika, na zilizotegemea mkono mtupu zikapanda chati. Yalipofanyika São Paulo mwaka 2003, kijana Marcelo Garcia alimvuta mkono Vitor Ribeiro, akampanda mgongoni na kumzimisha kabla baadhi ya watazamaji hawajakaa vizuri.

Kinga nazo ziliendelea kugeuka mashambulizi. Gilotini ni kabali ya mbele, ambapo kichwa cha mpinzani kinabanwa kwapani. Aliyewahi kuishika anajua utamu wake, kiasi kwamba mtu huendelea kuing'ang'ania hata baada ya kuangushwa na mwenzake kuhamia ubavuni. Januari 2006 Jason Von Flue, akiwa amebanwa hivyo na Alex Karalexis, hakuhangaika kukitoa kichwa. Alishusha bega lake kwenye shingo ya Karalexis na kulemea. Mkono wa Karalexis mwenyewe, ambao haukutaka kuachia, ukasaidia kumkaba mwenye mkono. Mbinu hiyo sasa inaitwa Von Flue.

Nyingine ina jina la Mbrazili Ezequiel Paraguassu, mwanajudo ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda kufanya mazoezi kwa Carlson Gracie. Kila mara alijikuta amefungwa katikati ya miguu ya mtu, na kutoka hakuweza. Akaacha kuhangaika kutoka. Alizungusha mkono mmoja nyuma ya shingo ya aliyemfunga, akaingiza vidole vyake ndani ya mkono wa pili wa koti lake, na kumkaba akiwa humo humo kifungoni. Walimu walisisitiza kwamba kabali hiyo hufungwa kutoka juu. Ukiwa chini usijisumbue. Januari 2017, mjini Phoenix, Aleksei Oleinik alikuwa chini kabisa, Viktor Pešta amemkalia tumboni tayari kumtwanga ngumi, na wala hakuna aliyevaa koti. Oleinik alimkumbatia shingo kama anayemvuta amnong'oneze, akashika mkono wake mwenyewe, akakaza. Pešta, akiwa bado amekaa juu, aligonga.