Mchagua Mbwa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Babu yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Guku kwa Kisukuma, aliikubali methali hiyo shambani lakini aliikataa katika jambo moja: mbwa wa kuwindia sungura. Kwake yeye, asiyechagua mbwa hakuwa mwindaji, alikuwa mtembezi tu.

Leo ninaishi Mkuyuni, jijini Mwanza, si mbali na chuo cha Butimba nilikosomea ualimu. Hapa ni mawe matupu, na mnyama wake ni pimbi. Lakini nilikulia upande wa Magu, karibu na Ghuba ya Speke, kwenye mbuga za udongo mweusi. Sungura wa huko ana heshima ambayo wenyeji wengi hawaijui. Mwaka 1893 Oldfield Thomas, mtaalamu wa makumbusho ya London, alimwandika kwa jina la kisayansi la Lepus victoriae, kutokana na sungura aliyepatikana Nassa, kando ya ghuba hiyo hiyo. Hivyo sungura anayeenea sehemu nyingi za Afrika amebeba jina la ziwa letu.

Kiswahili kinawaita wote sungura, lakini huyu wa mbugani si ndugu wa karibu wa yule tunayemfuga bandani. Yule wa bandani asili yake ni Ulaya. Huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Huyu wetu hulala juu ya ardhi, kwenye kishimo kidogo chini ya nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Hana shimo la kukimbilia. Ngao yake ni miguu. Hukimbia, hukata kona ghafla, mbwa akapitiliza, naye akapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mbwa anayefaa ni yule anayejua kugeuka na asiyeishiwa pumzi. Mbio peke yake hazitoshi.

Guku alianza kwa kumtazama mama. Alisema baba wa mbwa ni uvumi, mama ndiye ushahidi. Alikwenda naye porini kwanza, ndipo akaomba mtoto. Kisha alitazama kifua, kiwe kirefu kwenda chini. Kiuno kiwe chembamba. Vidole vya miguu vishikane kama vya paka, maana vilivyotawanyika hupasuliwa na miiba. Mwisho alitupa kipande cha ngozi. Mtoto aliyekikimbilia na kukitafuna alimwacha. Aliyekikimbilia, akakibeba, kisha akageuka kumtazama mtu, huyo ndiye aliyechukuliwa. “Mjukuu wangu,” aliniambia, “mbwa asiyekutazama anawinda kwa ajili ya tumbo lake.”

Yapata mwaka 1959, nikiwa na miaka minane au tisa, mbwa wetu jike alizaa na dume la Mzungu mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Dume hilo lilikuwa jembamba, lenye miguu mirefu kama ya mbuzi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikasoma kwamba Waingereza wana neno kwa mbwa wa namna hiyo, chotara wa grehaundi na mbwa wa kazi: lacha. Wala hakuwa mbwa wa mabwana. Sheria ya mawindo ya Uingereza ya mwaka 1671 ilimkataza mtu wa kawaida, asiye na pato la pauni 100 kwa mwaka kutokana na ardhi yake, kufuga grehaundi na hata lacha. Mbwa wa kumpatia maskini kitoweo alitajwa ndani ya sheria kama vile bunduki na nyavu zinavyotajwa.

Watoto wa uzao ule walitushangaza. Mmoja alimshika sungura kabla ya kona ya kwanza. Lakini jua la saa nne lilimwangusha, miiba ilimchana ngozi, na kabla ya mvua za pili alikufa kwa homa ya kupe. Guku hakukata tamaa. Dada yake aliyebaki alimzalisha na dume la kienyeji, lenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama. Katika uzao huo wa pili tukapata alichokuwa akikitafuta: robo moja ya mbio, robo tatu za uvumilivu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ukoo ule wa mbwa ulitupatia nyama, na ulilinda choroko na karanga zetu zisiliwe. Majirani walikuja kuomba watoto kutoka mbali.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa mkweli.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu, na Guku alikwisha kufariki. Mtaalamu wa mifugo alifika mnadani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Wawindaji wetu waliamini kwamba sindano huua pua ya mbwa. Baba akasema mbwa wa ukoo wa Guku hawatapelekwa. Mimi, niliyefundisha darasani habari za Louis Pasteur na chanjo yake ya mwaka 1885, nilinyamaza. Nilijiambia kwamba ni heshima kwa mzazi. Ulikuwa woga.

Miezi miwili baadaye mbwa wetu mmoja, aliyekuwa mpole siku zote, alimng’ata mtoto wa jirani, mwanafunzi wangu wa darasa la tatu. Jeraha lilikuwa dogo, mundini. Lilifungwa kwa dawa za miti. Wiki ya sita mtoto alianza kuogopa maji. Hatukuwa na la kufanya. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Tulipotoka mazikoni baba aliwafunga mbwa wote kamba, mmoja baada ya mwingine, akaniomba niwapeleke mwenyewe kwa mwenye bunduki. Nikawapeleka. Ukoo ule uliishia hapo.

Duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung’atwa na mbwa, wengi wakiwa watoto wa Afrika na Asia. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa njia. Na aliyeng’atwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie sindano. Hayo yote ni mepesi kuliko kumpata mbwa wa robo tatu.

Siku hizi kuwinda bila kibali ni kosa, na ni haki iwe hivyo. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 2004, walipiga marufuku kuwawinda sungura wa mbugani kwa mbwa. Vijana wa Mkuyuni hunijia kuuliza mbwa gani anafaa, wengi wakitaka wa ulinzi. Ninawaeleza habari za mama, za kifua na za vidole. Kisha ninawauliza swali ambalo Guku hakulijua, na ambalo mimi nililijua nikanyamaza: cheti chake cha chanjo kiko wapi?