Risaga: Majirani na Palizi ya Wimbi

Kwa nini mtu aliache shamba lake lenye magugu, aende kupalilia la jirani? Wataalamu wa viumbe wamelihangaikia swali hili. Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwa hesabu jinsi kiumbe anavyofaidika kumsaidia ndugu wa damu. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Trivers akaongeza ya kuwa hata wasio ndugu husaidiana, maadamu wanakutana mara kwa mara na kukumbukana.

Mfano wa jambo hili upo kwa Abagusii, ambao nchi yao leo ni kaunti za Kisii na Nyamira. Zamani chakula chao kikuu kilikuwa wimbi. Mbegu zilirushwa kwa mkono, miche ikaota bila mistari, na baadhi ya magugu hufanana nayo hata mgeni akapaliliapo hung'oa vyote pamoja. Kazi hiyo haina budi kumalizika kwa siku chache; ikichelewa, ni njaa. Basi mwenye shamba alipika pombe na kuwaita majirani, wawe wa ukoo wake au wasiwe. Hiyo ndiyo risaga, ambayo Philip Mayer aliiandikia habari katika kitabu kilichotolewa 1951. Palikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo cha wanawake waliozungukia mashamba yao kwa zamu.

Nionavyo mimi, pombe ile haikuwa ujira. Aliyeinywa alijua ya kuwa naye atapika msimu wake, na asiyefika kwa wenzake atapalilia peke yake.

Ushirikiano wa namna nyingine ulikufa upesi. Vijana walilinda ng'ombe wa nyumba nyingi katika ebisarate, yaani kambi za mifugo, kwa kuhofu wavamizi. Waingereza, waliojenga boma Kisii mwaka 1907, waliamuru kambi hizo zivunjwe miaka michache baadaye, wala hazikurudi.

Risaga haikuvunjwa na amri. Mahindi, yasiyotaka palizi ngumu kama ile, yalichukua nafasi ya wimbi. Kahawa ikaingia katika miaka ya 1930, na fedha pamoja nayo. Siku hizi mashamba mengi ya chai huchumwa na vibarua wanaolipwa kwa kilo. Lakini palipo na matanga majirani bado huleta kuni na maji, na asiyeonekana huulizwa yuko wapi.