Bustani ya umma inatengenezwaje? Tuanzie Forodhani

Wadau, leo siasa naiweka pembeni, ingawa mtaona mbele ya safari kwamba haikubali kukaa pembeni. Nataka tuongee kuhusu bustani. Siyo ile ya mchicha nyuma ya nyumba. Naongelea bustani ya umma, ile sehemu ya wazi mjini ambayo mtu yeyote anaingia bila kiingilio, anakaa, anapunga upepo, anarudi kwake.

Kwa nini leo? Kwa sababu viwanja vya wazi vinazidi kugeuka gereji, baa na fremu za maduka huku tunaangalia. Alafu siku halmashauri ikileta mchoro wa bustani mpya, sisi vijana tunaona picha ya kompyuta yenye majani ya kijani na wazungu wanaotembeza mbwa, tunasema "safi sana", tunaenda zetu. Miaka mitatu baadaye geti lina mnyororo na chemchemi imejaa chupa za maji. Mimi si mhandisi, ila haya mambo nayafuatilia kwa muda, kwa hiyo chukulia hii kama karatasi ya kuingia nayo kwenye mkutano wa mtaa.

Forodhani kwa ufupi

Kwa wale ambao hawajafika Unguja: Forodhani ni bustani iliyo ufukweni pale Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Jina linatokana na forodha, yaani ushuru wa bandarini. Bustani ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ndo maana wakati ule iliitwa Jubilee Gardens. Mji Mkongwe wenyewe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Miaka ikapita, bustani ikachoka. Mwaka 2008 taasisi ya Aga Khan Trust for Culture ikishirikiana na serikali ya Zanzibar ikaanza kuitengeneza upya, na Julai 2009 ikafunguliwa tena. Kilichofanyika ndo somo lenyewe: ukuta wa bahari ulikarabatiwa, mifereji ya maji ikawekwa upya, umeme na taa zikaingia, miti ikapandwa, watoto wakapata pa kuchezea na wauza vyakula wakatengewa eneo lao lenye sakafu. Angalia mpangilio huo. Mambo mengi ya mwanzo ni yale ambayo mgeni akipiga picha hayaonekani.

1. Hesabu watu kwanza, kuchora baadaye

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, mtu aende pale uwanjani na daftari asubuhi, mchana, jioni na usiku. Nani anapita? Anatoka wapi, anakwenda wapi? Wanawake wanapita upande gani usiku, na upande gani wanaukwepa? Watoto wanacheza wapi? Ile njia nyembamba iliyochimbwa na miguu ya watu katikati ya majani ni ya thamani kuliko ramani yoyote, kwa sababu inakuonyesha watu wanataka kupita wapi. Ukiifungia kwa maua, maua yatakanyagwa. Iwekee tofali, iwe njia rasmi.

Bwana mmoja wa New York, William H. Whyte, alitumia miaka akipiga picha za filamu kuona watu wanatumiaje viwanja vya mjini, na mwaka 1980 akatoa kitabu. Kati ya aliyoyaona ni kwamba watu hukaa penye pa kukaa. Unacheka? Nenda kwenye viwanja vya mjini kwetu uhesabu mabenchi.

Whyte huyo huyo aliombwa ushauri kuhusu Bryant Park, bustani iliyokuwa imetekwa na wauza dawa za kulevya. Aliona tatizo ni kwamba imejificha: ua mrefu wa miti na vyuma, viingilio vichache, mtu wa barabarani haoni ndani. Ilifungwa mwaka 1988, wakapunguza vizuizi, wakaongeza viingilio, wakaweka viti vyepesi ambavyo mtu anahamisha mwenyewe kufuata kivuli. Ilipofunguliwa 1992 ikajaa watu. Kwa hiyo siku mchoro ukiwa na ukuta mrefu kuzunguka bustani "kwa ajili ya usalama", uliza: usalama wa nani?

2. Anzia chini ya ardhi

Hapa ndo pesa nyingi huliwa, na hapa ndo bustani nyingi hufia. Maji ya masika yataenda wapi? Maji taka ya vyoo je? Udongo ukoje?

Mfano mzuri ni Al-Azhar Park kule Cairo, hekta 30, iliyofunguliwa 2005. Eneo lile lilikuwa kilima cha taka na kifusi kilichorundikwa kwa karne tano. Udongo ulikuwa na chumvi nyingi, na jiji lilitaka pia kuweka matangi ya maji pale pale. Basi wakaondoa kifusi, wakarekebisha udongo, na matangi matatu makubwa, kila moja na kipenyo cha mita 80, yakaingizwa ndani ya mchoro wa bustani. Leo watu wanakula upepo juu yake. Katika kuchimba wakafukua ukuta wa mji wa karne ya 12, wa zama za Salahuddin.

Kwa pwani yetu jambo ni hilo hilo. Chumvi inakula chuma na kuua mti usiozoea. Eneo la bondeni lazima likubali kulowa: viwanja vya mpira na majani viwe chini, vyoo, umeme na vibanda viwe juu. Mvua ikija bustani inakunywa maji, kesho jua likitoka watu wanarudi kucheza.

3. Kivuli, alafu pa kukaa

Kuna ugonjwa umeingia mijini wa kupanda ile mitende ya mapambo kama ya hoteli. Inapendeza kwenye picha, lakini saa saba mchana kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Mkungu matawi yake yanatanda kama mwavuli na unavumilia hewa ya bahari. Mwarobaini unavumilia ukame. Mvinje unastahimili chumvi na upepo. Mwembe kila mtu anaujua. Kama kuna mti mkubwa tayari uwanjani, mchoro uuzunguke. Mti wa miaka hamsini hununui dukani.

Kuhusu kukaa, sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Tuna baraza! Lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nyumba, ambapo wazee wanacheza bao, kahawa inapita na habari za mji mzima zinachambuliwa. Halina mguu wa kuvunjika wala chuma cha kuibiwa. Ukuta wa bustani ukijengwa kwa kimo cha kukalia, tayari una benchi refu kuliko yote mjini. Pale Forodhani, ukingo wa bahari ni kiti, ni jukwaa, na jioni vijana wanarukia majini kutoka pale huku umati ukishangilia.

Msisahau mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto. Mteremko unaokubalika ni wa 1 kwa 12, yaani ukipanda sentimita 10, njia iwe na urefu wa sentimita 120. Ule mteremko mkali wanaoweka ili waseme "tumeweka" haufai, na dada akiteleza nao mtajuta.

4. Barabara inayozunguka ni nusu ya bustani

Bustani haiishii kwenye ukingo wake. Kama ili kuifikia inabidi mtoto avuke njia nne za magari, basi mmejenga kisiwa.

Mambo ya kuangalia: Njia ya miguu iwe na upana wa kutosha watu wawili kupishana bila mmoja kushukia mtaroni, tuseme mita 2 wazi, bila nguzo ya umeme katikati. Mitaro ifunikwe. Kivuko kiwe pale watu wanapovukia, na kiinuliwe kama tuta pana ili dereva apunguze mwendo atake asitake. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo cha kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika, kwa sababu gari likikugonga kwa mwendo huo uwezekano wa kupona ni mkubwa kuliko kwa 50. Bodaboda na bajaji zitengewe kituo chao kabisa, maana usipowapa nafasi watasimama kwenye kiingilio. Taa ziangaze njia ya miguu pia, si lami peke yake.

Alafu angalia kilichopo ng'ambo ya barabara. Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 kwamba bustani huishi au kufa kutokana na majirani zake. Ikizungukwa na ofisi tupu, saa kumi na moja inabaki na upepo. Ikiwa na nyumba za kulala, shule, msikiti, duka la vocha na muuza chapati, kuna macho ya watu tangu alfajiri mpaka usiku.

Na wakati mwingine barabara yenyewe inageuka bustani. Kigali mwaka 2015 walifunga barabara moja ya katikati ya mji kwa magari, na kufikia 2022 sehemu hiyo ikazinduliwa kama Imbuga City Walk, watu wanatembea na kukaa.

5. Mama lishe na machinga wana nafasi gani?

Hili ndo swali la moto. Michoro mingi inawaona wafanyabiashara wadogo kama uchafu wa kufagia. Sasa jiulize: toa mishikaki, urojo, pweza na juisi ya miwa pale Forodhani usiku, kinabaki nini? Majani na taa. Wauza vyakula ndo wanaoleta watu, na watu ndo ulinzi. Wapewe sakafu inayosafishika, maji, taa na pa kutupa taka, na ada ambayo mtu wa mtaji mdogo anaimudu. Wakati wa ujenzi waonyeshwe kwa maandishi watahamia wapi na watarudi lini. Ahadi ya mdomo hailipi kodi ya chumba.

6. Nani ataitunza, na nani ataitetea?

Uzinduzi una utepe na kamera, kufagia hakuna kamera. Kabla ya jiwe la msingi ijulikane nani anamwagilia, nani analipa umeme, nani anafungua vyoo, kwa fedha ya mfuko gani.

Na karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 1989 kule Nairobi ulikuja mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, akatukanwa mpaka bungeni, wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Uwanja ulibaki kwa sababu kuna mtu alikataa kunyamaza.

Sasa twende bonde la Msimbazi

Hii inatuhusu wa Dar moja kwa moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na waliokoseshwa makazi wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2018 ukaandaliwa mpango wa bonde zima kwa vikao vya wadau, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha fedha za mradi. Ndani yake kuna kuchimba mto, daraja la juu zaidi pale Jangwani, kuhamisha wakazi kwa fidia, na bustani kubwa ya jiji bondeni.

Mimi naiunga mkono bustani ile. Bonde ni la mto, na mto una kawaida ya kurudi kwake. Lakini kuna familia zilizoishi pale maisha yao yote, na nyasi za bustani zitaota juu ya sakafu za nyumba zao. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mtoto wa Kigogo au Magomeni ataingia kwa miguu, bure, bila mlinzi kumuuliza anatafuta nini? Mama aliyekuwa anauza vitumbua Jangwani atapata meza? Kama jibu ni ndiyo, jiji litakuwa limepata kitu. Kama jibu ni geti na tiketi, basi watu wa bondeni watakuwa wamehamishwa mara mbili.

Wadau, uwanja mdaua ni wenu. Mtaani kwako kuna eneo gani la wazi lililobaki, na nani analimezea mate? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.