Fahamu: Vita ya Ziwa Victoria 1914-1916, na kwa nini Ukerewe ilitekwa kabla ya Mwanza

Kwa kijana wa Makoko, Musoma, ziwa ni dagaa, sangara na boti za kwenda visiwani. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita maji haya haya yalikuwa uwanja wa vita. Meli zilifungwa mizinga, moja ikakwama Majita, na kisiwa cha Ukerewe kikatekwa ili Mwanza ianguke.

Ukitaja vita ya visiwani, wengi hukumbuka Wamarekani na Wajapani kwenye Bahari ya Pasifiki, 1942 hadi 1945. Kumbe mbinu ya kuchukua kisiwa kwanza ili kufika unakotaka ilishatumika hapa Kanda ya Ziwa, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia.

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Nani alipigana na nani?

Vita ilipoanza Agosti 1914, ziwa lilikuwa limegawanywa. Kusini, kuanzia Bukoba, Mwanza, Ukerewe, Musoma hadi Shirati, kulikuwa chini ya Wajerumani. Kaskazini, yaani Uganda na Kisumu, kulikuwa kwa Waingereza. Mpaka ulipita juu kidogo tu ya Shirati, Rorya ya leo. Kwa hiyo mwambao wa Mara ulikuwa mstari wa mbele.

Wazungu walikuwa wachache. Wapiganaji wengi walikuwa Waafrika: askari wa jeshi la Kijerumani na ruga-ruga wao upande mmoja, na King's African Rifles (KAR) pamoja na vikosi vya Uganda upande wa pili. Waingereza walileta pia wanajeshi kutoka India.

Meli zilivyoamua mchezo

Waingereza walianza wakiwa mbele kwa jambo moja: reli. Njia ya treni ya kutoka Mombasa ilishafika Kisumu tangu 1901. Meli zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikapakiwa kwenye treni na kuunganishwa upya Kisumu. Ndiyo maana walikuwa na meli kadhaa, zikiwemo Winifred, Sybil, Nyanza, Clement Hill na Usoga.

Wajerumani hawakuwa na reli ya kufika Mwanza. Reli ya Kati ilikwenda Tabora na Kigoma. Mwanza ilipata treni mwaka 1928, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Chombo chao kikubwa ziwani kilikuwa kimoja tu, boti ya injini iliyoitwa Muansa. Vingine vilikuwa majahazi na mitumbwi.

Hata hivyo, Wajerumani ndio walioanza kwa kasi. Septemba 1914 kikosi chao kilivuka mpaka na kuingia Kisii, kikapigana na KAR tarehe 12 mwezi huo, kisha kikarudi nyuma. Siku hizo hizo Muansa ilikutana na Winifred kwenye ghuba ya Karungu, upande wa Kenya, na Winifred ikalazimika kuondoka. Boti moja ilikuwa imeitimua meli kubwa, kwa sababu meli hiyo ilikuwa ya mizigo na haikujengwa kwa ajili ya vita.

Baada ya hapo Waingereza walifunga mizinga kwenye meli zao.

Sybil yakwama Majita

Novemba 1914, Sybil iligonga mwamba na kukwama Majita, eneo ambalo leo ni Musoma Vijijini. Ilikuwa ardhi ya adui, kwa hiyo wenyewe waliiacha hapo.

Wavuvi wa Mara wanaujua mchezo huo. Mwambao wa Majita una mawe yaliyojificha chini ya maji, na asiyelijua ziwa huyagundua akishayagonga. Sybil ilikaa pale kwa miezi kadhaa, hadi Mei 1915 Waingereza waliporudi, wakaiinua na kuivuta hadi Kisumu kutengenezwa.

Kwa upande wa Mara hiyo haikuwa ziara yao pekee. Januari 1915 kikosi cha Waingereza kilishuka Shirati, kisha kikaondoka.

Bukoba 1915: waliingia, wakaharibu, wakaondoka

Juni 1915 meli zilitoka Kisumu zikiwa zimejaa wanajeshi chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart. Walishuka kaskazini mwa Bukoba tarehe 22. Baada ya siku mbili za mapigano mji ukawa mikononi mwao.

Lengo kuu lilikuwa mtambo wa mawasiliano ya redio wa Wajerumani. Ulibomolewa. Mji nao uliporwa na wanajeshi walioingia. Kisha wakapanda meli na kurudi Kisumu.

Miongoni mwao alikuwemo mwindaji maarufu Frederick Selous, akiwa na miaka 63. Aliuawa vitani Januari 1917 huko Beho Beho, kusini mwa nchi. Pori la Akiba la Selous lilipewa jina lake.

Bukoba ilionyesha kwamba wanajeshi wanaweza kushushwa kutoka majini. Ilionyesha pia kasoro: ukiuchukua mji halafu ukauacha, adui anarudi. Mwaka mmoja baadaye mpango ulibadilika.

Kwa nini Ukerewe?

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria. Anayevuka leo kwa kivuko kutoka Kisorya, Bunda, kwenda Rugezi anaona jinsi kilivyo karibu na bara. Kiko mdomoni mwa Ghuba ya Speke, na Mwanza iko kusini yake. Aliyekaa Ukerewe anaona nani anaingia na nani anatoka.

Sababu ya pili ilikuwa chakula. Mpunga wa Ukerewe ulilisha jeshi la Wajerumani lililokuwa Mwanza. Ukikata mchele, umekata miguu ya jeshi.

Mapema Juni 1916, kikosi cha Waingereza chini ya Luteni Kanali D. R. Adye kilishuka kisiwani kutoka kwenye meli na kukiteka. Wajerumani waliokuwepo walikuwa wachache, hivyo haikuwa vita ya muda mrefu. Safari hii Waingereza hawakuondoka. Ukerewe ikawa kituo chao cha kujipanga.

Mwanza yaanguka

Hatua ya mwisho iliongozwa na Brigedia Jenerali Sir Charles Crewe wa Afrika Kusini. Badala ya kuingia bandarini moja kwa moja na kupokelewa na mizinga, Julai 1916 askari wake walishushwa pwani ya mashariki ya mji usiku, wakauendea Mwanza kwa miguu.

Kamanda wa Wajerumani, Kapteni Udo von Chappuis, aliona mapema kwamba angezingirwa. Aliondoa watu wake kuelekea kusini. Muansa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe ili isiwe mali ya adui. Mzinga mmoja wa manowari Königsberg, iliyoangamizwa Rufiji mwaka 1915, ulikuwa umekokotwa kutoka pwani hadi Mwanza. Nao waliuacha.

Tarehe 14 Julai 1916 Waingereza waliingia Mwanza. Ziwa lote likawa lao. Septemba 19 mwaka huo Wabelgiji, waliotokea Kongo, wakaichukua Tabora.

Matukio kwa ufupi

• Agosti 1914: Vita yaanza
• Septemba 1914: Mapigano ya Kisii, Muansa yaitimua Winifred Karungu
• Novemba 1914: Sybil yakwama Majita
• Januari 1915: Waingereza washuka Shirati
• Mei 1915: Sybil yainuliwa
• Juni 22-23, 1915: Bukoba yatekwa, kisha yaachwa
• Juni 1916: Ukerewe yatekwa
• Julai 14, 1916: Mwanza yatekwa

Mara haikupona hapo

Ziwa lilitulia, lakini nchi kavu bado. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani cha Heinrich Naumann kilichojitenga na wenzake kilizunguka sehemu kubwa ya nchi na kufika hadi boma la Ikoma, Serengeti, ambako palipiganwa tena. Kilijisalimisha mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo.

Visiwa vya Pasifiki na hapa kwetu

Miaka 26 baada ya Ukerewe, Agosti 1942, Wamarekani walishuka Guadalcanal. Baadaye wakaenda Tarawa, Saipan, Iwo Jima na Okinawa. Hawakuchukua kila kisiwa. Walichagua vile vyenye kiwanja cha ndege au njia muhimu, wakavipita vingine na kuwaacha Wajapani waliokuwa huko bila chakula wala risasi.

Ukubwa wa mapigano haulinganishwi hata kidogo. Pasifiki walikufa watu kwa maelfu kwenye kisiwa kimoja. Ukerewe ilichukuliwa kirahisi. Hesabu tu ndiyo inayofanana: kisiwa kinatafutwa kwa kile kinachokupa au kinachomnyima adui.

Na watu wa huku walikutana na Wajapani kweli. Mwaka 1944 askari wa KAR, wakiwemo wa Tanganyika, walipigana nao Burma.

Gharama ilibebwa na nani?

Majina yaliyoandikwa ni ya makamanda na meli. Lakini jeshi lilikula mchele uliolimwa na wakulima wa Ukerewe, na kila bendera iliposhushwa, mkulima alibaki palepale akisubiri kudaiwa na mwingine.

Wapagazi ndio walioumia zaidi. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki, upande wa Waingereza peke yake ulichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kuwa takriban 95,000, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps.

Askari wa Kizungu aliyefia huku mara nyingi ana kaburi lenye jina lake. Wapagazi wengi hawana hata jiwe. Majina yao, kama yapo, yamebaki kwenye koo zao, kwa babu na bibi wanaokumbuka nani aliondoka na mzigo na hakurudi.