Efendi, Afande: Vyeo vya Askari Wastaafu na Historia ya Maneno katika Nyanda za Kati



Utangulizi

Kila jeshi lenye masjala hupokea barua za aina moja. Mwandishi wake alikwisha kuvua sare, pengine miaka thelathini iliyopita. Anataja namba yake, kikosi chake na jina la mkuu wa kombania yake; kisha anaeleza kwamba cheti alichopewa wakati wa kuachishwa kazi kinamwita koplo, ilhali yeye aliondoka akiwa sajini, naye anaomba kosa hilo lisahihishwe. Msomaji wa haraka hudhani kwamba mzee anatafuta sifa. La hasha. Cheo ndicho kipimo cha kiinua mgongo. Ndicho kinachoandikwa juu ya kaburi. Ndicho wajukuu watakachosimuliwa.

Wanahistoria wa vita wamezishughulikia barua hizo kama suala la nyaraka na fedha. Mimi nakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya suala hili ni ya lugha, na kwa hiyo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Cheo ni neno. Neno huzaliwa, huhama na hubadilika maana; mwenye kulibeba huzeeka nalo. Siku anapolipeleka mbele ya karani, huenda karani akalisikia kwa maana ya leo, wakati mzee amelitamka kwa maana ya mwaka aliovishwa tepe.

Majeshi matatu, misamiati mitatu

Nyanda za kati ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi huu, kwa kuwa majeshi matatu yalipita hapa kwa zamu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alifika Mpwapwa na kujenga ngome. Baadaye Kilimatinde na Kondoa-Irangi zikawa vituo vya jeshi la Wajerumani, na mwaka 1910 reli ya kati ikafika Dodoma. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Uingereza, yakiongozwa na Jenerali Van Deventer wa Afrika Kusini, yaliteka Kondoa-Irangi mwezi Aprili na Dodoma mwishoni mwa Julai. Tangu hapo vijana wa nyanda hizi waliandikishwa katika jeshi la Kiingereza lililojulikana kama KAR. Hatimaye, tarehe 1 Septemba 1964, liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Kila jeshi lilikuja na ngazi yake ya vyeo. Wissmann aliwaajiri askari wengi wa Kisudani kule Misri, nao walikuja na maneno ya Kituruki yaliyotumika katika jeshi la nchi hiyo. Hivyo askari wa Mjerumani alipanda kutoka ombasha hadi shaushi, kisha betshaushi, kisha sol, na wachache mno wakafikia efendi. Ombasha kwa asili ni mkuu wa watu kumi. Waingereza nao waliwatumia askari wa asili ya Sudani, wakayarithi baadhi ya maneno hayo, lakini polepole yakatawala koplo, sajini na sajinimeja. Jeshi la Wananchi likaja na koplo usu, sajini taji, afisa mteule na luteni usu. Tazameni neno “taji”. Linatokana na taji la kifalme lililowekwa juu ya tepe tatu za sajini wa daraja hilo katika jeshi la Kiingereza. Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu tarehe 9 Desemba 1962, lakini taji likabaki ndani ya lugha.

Wako pia ambao hawakupewa ngazi yoyote. Wagogo wengi walichukuliwa kuwa wapagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, na unyang’anyi wa mifugo, chakula na nguvukazi ulichangia njaa kali iliyokumbukwa Ugogo kwa jina la Mtunya. Jina la kikosi cha wapagazi wa Mwingereza limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Mpagazi hawezi kuomba cheo chake kisahihishwe, maana hakuandikiwa chochote. Anayeweza kulalamikia kosa la karani angalau aliandikwa.

Neno linaposhuka na linapopanda

Neno “efendi” lilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kukifikia katika jeshi la Wajerumani. Kwa Waingereza cheo hicho kilikufa, kikafufuliwa katikati ya miaka ya 1950, kikafutwa uhuru ulipokaribia, na baadhi ya waliokuwa nacho wakapewa uafisa kamili. Lakini katika vinywa vya watu neno lilikuwa likitembea njia yake. Leo “afande” ni namna ya kumwitikia mkubwa yeyote, jeshini au polisi. Neno lililomtaja mtu mmoja katika kombania sasa laweza kumfaa hata koplo mbele ya askari wake. Mzee akisema, “Mimi nilikuwa efendi,” na karani akasikia “afande”, ombi limekwisha kufa kabla ya jalada kufunguliwa.

Neno “jemadari” lilikwenda upande wa pili. Katika jeshi la India ya Kiingereza, ambalo vikosi vyake vilipigana Afrika Mashariki katika vita vya kwanza, jemadari alikuwa wa ngazi ya chini kabisa miongoni mwa maofisa wa Kihindi. Katika Kiswahili amepanda hadi akawa kiongozi wa majeshi. Neno moja, vimo viwili. Asiyejua mwaka na jeshi la msemaji hawezi kujua ni kimo kipi kinachodaiwa.

Mwalimu wa Kiswahili aliyekataliwa

Ombi mojawapo linalojulikana vizuri la askari wa nchi hii halikuandikwa hapa bali Berlin. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa efendi katika jeshi la Wajerumani, na mtoto mwenyewe aliingia vitani akiwa bado mdogo. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akaomba alipwe mshahara uliobaki, wake na wa baba yake. Akaambiwa amechelewa. Mwaka 1934 aliomba nishani ya heshima waliyopewa waliopigana mstari wa mbele. Hilo nalo likakataliwa. Wakati huohuo mtu huyu alikuwa akifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Dola ilikubali lugha yake, ikakataa utumishi wake. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Husen hakuomba kupandishwa cheo. Aliomba karatasi ikubaliane na yaliyotendeka, ombi lilelile la mzee wa Mpwapwa au Manyoni anayetaka neno “koplo” lifutwe.

Kwa nini karatasi hukosea

Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Tanganyika walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Afisa au sajini alipouawa au kuugua, aliyekuwa chini yake alikaimu. Alivaa tepe, aliamuru, aliitwa kwa cheo hicho. Lakini cheo cha kukaimu kilikoma kazi ilipokoma, na cheti cha kuachishwa kikaandika cheo cha kudumu. Karani hakusema uongo, wala mzee hasemi uongo. Kila mmoja ameandika ukweli wa namna yake.

Tofauti hiyo ilikuwa na bei. Bahshishi ya vita ilipimwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi pia. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mzungu wa ngazi ya chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa ngazi hiyohiyo shilingi 3 na senti 50. Kwa mtu aliyekwisha kupunjwa hivyo, kushushwa ngazi moja katika karatasi halikuwa jambo la kupuuza. Tusisahau pia kwamba askari walioasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20 Januari 1964 walidai mambo mawili: mishahara, na Waafrika kupewa nafasi za maofisa.

Ushahidi wa kinywa

Nitaulizwa: je, tukikubali kumbukumbu za mdomo, hatutafungua mlango kwa waongo? Swali ni la haki. Jeshi haliwezi kugawa vyeo kwa masimulizi. Lakini lugha yenyewe ni kipimo. Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974, anasimulia kwamba Wajerumani walipokuja Mwanza miaka ya 1960 kuwalipa askari wao wa zamani, wengi hawakuwa na vyeti. Kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kama gwarideni, na hakuna aliyeshindwa. Hata msikilizaji anayeisikia hadithi hiyo kwa tahadhari ataona funzo lake: amri iliyojifunzwa ujanani hukaa mwilini baada ya karatasi kuliwa na mchwa.

Hata hivyo kipimo hiki kinahitaji mjuzi. Mzee wa Burma akisema kwamba mwaka 1944 alikuwa “sajini taji”, mchunguzi mkali atamkamata: cheo hicho ni cha jeshi la baadaye. Mjuzi wa lugha atauliza kwanza kama mzee hajatafsiri cheo chake cha Kiingereza ili kijana anayemsikiliza aelewe. Mutonya na Parsons, katika makala yao ya mwaka 2004, wameonyesha kwamba askari wa KAR walikuwa na Kiswahili chao mahususi. Aliyekizungumza hakikumtoka chote siku aliporudisha bunduki.

Hitimisho

Tuna kazi tatu. Kwanza, kamusi zetu ziyape maneno ya vyeo miaka yake na majeshi yake, ili efendi wa 1914 asichanganywe na afande wa leo. Pili, tunaporekodi wazee, tuandike neno walilolitamka kabla ya kulitafsiri. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili wawe tayari kuwasaidia makarani kusoma barua hizi.

Kazi hii haisubiri. Tarehe 25 Julai 2016, siku ya Mashujaa, ilitangazwa hapa Dodoma kwamba serikali itahamia huku. Barua zilizokuwa zikipanda treni kwenda pwani sasa zinaletwa kwetu. Askari na mgambo waliovuka Kagera mwaka 1979 ni wazee. Wapo kati yao waliokaimu porini vyeo ambavyo karatasi haivijui. Tunasema kwamba cheo ni dhamana. Basi na neno la cheo ni dhamana, na sisi ndio tuliokabidhiwa kulitunza wakati wenyewe wangali hai kutusahihisha.