Safu ya Lugha: Itikadi si ugaidi

Siku hizi utasikia mwalimu akisema "kijana yule ana itikadi", akimaanisha anaelekea kwenye ugaidi. Sivyo. Itikadi ni neno la Kiarabu, lenye mzizi wa kufunga fundo: ni imani iliyokazwa moyoni, ya dini au ya siasa. Ujamaa wa Tanzania ulikuwa itikadi. Tukisema "itikadi kali", uzito umo katika "kali", na hata hapo hatujafika kwenye ugaidi. Mwenye itikadi kali hakubali kwamba mwingine aweza kuwa na haki. Gaidi, neno ambalo zamani lilimaanisha mnyang'anyi, ni yule anayeua na kutisha watu.

Darasani kosa hili la kuchanganya maneno linaumiza. Baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, mwaka 2015, wengi waliona itikadi kali ni ya dini moja, Uislamu. Kisha likaja tukio la msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa kanisa waliohimizwa kufunga hadi kufa, likaonyesha kwamba sivyo. Mwalimu, mwanafunzi akiuliza swali gumu kuhusu jihadi au serikali, usimbandike jina. Mwulize wazo hilo amelipata wapi, na umwache amalize kusema.